Kona Iliyoachwa Nje ya Mpaka

Nilikuwa nimerudi kuokota bendera tu.

Zilikuwa vitambaa vyekundu vilivyofungwa kwenye vijiti, na Daktari Fairbrass ndiye aliyezichomeka asubuhi kando ya mawe ya mpaka ili watu wasipotee. Mimi ni karani wa baraza la parokia ya Pimcote, na karani ndiye anayeokota vya watu wakishakwenda kunywa chai. Ilikuwa mwezi wa Mei, na jua la Mei huku kwetu halina haraka ya kuzama. Nilikwishakusanya bendera zote isipokuwa moja, ile ya jiwe la tisa.

Sikutaka kwenda kwenye jiwe la tisa. Nitasema kwa nini, na nitasema kweli, maana kosa ni langu.

Kila baada ya miaka saba sisi huchapa mpaka. Tunaizunguka parokia nzima kwa miguu, kila mtu na fimbo nyeupe iliyobanduliwa maganda, na kila tukifika kwenye jiwe tunalichapa mara tatu huku kasisi akisoma sala. Kilichomo ndani ya mzunguko ni chetu. Kina kiti kanisani, kina mkate ukumbini, na kikifa kina kaburi. Kilichobaki nje hakituhusu. Na yule aliyehamia karibuni hubebwa miguu juu na kugongeshwa kichwa kidogo kwenye jiwe la kwanza, apate kukumbuka. Mwaka huu zamu ilikuwa ya Fairbrass, daktari wa meno mstaafu, mwenye miaka sita tu kijijini lakini tayari ni mwenyekiti wa kamati ya urithi na anatufundisha historia ya babu zetu wenyewe.

"Taratibu jamani, nina shinikizo la damu!" alipiga kelele akiwa miguu juu.

"Umeng'oa watu meno miaka arobaini ukiwaambia haiumi," akajibu Clem Uttley, mchimba makaburi wetu. "Na hii haiumi."

Tulicheka mpaka machozi. Mama yangu alicheka kuliko wote, akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Enid Pask, miaka themanini na minne, miguu yake haikuwa na hisia tangu kiharusi cha miaka minne nyuma. Aliniomba tangu Krismasi, "Rozi mwanangu, nipeleke nikachape mpaka mara ya mwisho." Ningemkataliaje?

Sasa, pale kwenye jiwe la tisa, mpaka wetu unapinda ghafla. Unaiacha barabara ya udongo iliyonyooka, unaingia bondeni kwenye tope na upupu, unazunguka, kisha unarudi barabarani kwenye jiwe la kumi. Ukiutazama kwenye ramani, ni kama mtu ameumega mkate. Parokia jirani ya Sallow nayo inapindisha mpaka wake upande wa pili. Kile kijibonde cha katikati si chetu wala si chao.

Kiti cha magurudumu kisingepita mle bondeni.

"Tunyooke tu na barabara," Fairbrass akasema. "Ni hatua sitini. Nani atajua?"

Watu wakanigeukia mimi, kwa sababu kitabu cha zamani cha mpaka ninakitunza mimi, na siku hiyo nilikuwa nacho mkobani. Nilijua kilichoandikwa kwenye ukurasa wa jiwe la tisa. *Hapa geukeni. Hata kukiwa na mafuriko, geukeni.* Hakuna sababu iliyoandikwa. Nikamtazama mama, mashavu yamemwiva kwa furaha, fimbo i mkononi.

"Hakuna neno," nikasema. "Tunyooke."

Tukanyooka. Mama akalichapa jiwe la kumi kwa mkono wake. Ko... ko... ko. Na lile bonde tukaliacha upande wetu wa kulia, ndani ya mzunguko.

Basi jioni ile nikalifuata jiwe la tisa. Bendera ilikuwepo. Na kando yake aliketi mwanamke.

Alikuwa amelipa jiwe mgongo. Nguo zake zilikuwa rangi ya tope, na ukaya ulimfunika uso. Miguu peku, imevimba, imejaa mabaka mekundu ya upupu. Nilisikia harufu ya sufu iliyolowana ikakaa muda mrefu bila kuanikwa. Nikadhani ni mmoja wa watembezi wa kutoka mjini, ameishiwa nguvu.

"Habari za jioni," nikasema. "Umepotea?"

Hakugeuka.

"Hapa ni parokia gani?" akanong'ona.

"Pimcote."

"Wamesema kina nani?"

"Sisi. Tumepachapa leo mchana."

Upupu ukatikisika bondeni, na upepo haukuwepo...

"Na wewe ni nani?"

"Karani."

"Haya," akasema polepole. "Niandike."

Mazoea ni kitu kibaya. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikiandika watu, ubatizo, ndoa, mazishi. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Jina?"

"Sikuwahi kuandikwa. Nitafutie."

Akaanza kugeuza uso.

Sikungoja. Niliacha bendera zote pale barabarani nikakimbia kama mwizi, mimi mwanamke wa miaka hamsini na saba mwenye goti bovu.

Ukumbini nilimkuta Clem peke yake akipanga viti. Nilipomweleza, alikaa kwenye kiti alichokuwa amekibeba.

"Mlinyooka," akasema. "Mimi nilikuwa nyuma nikifunga mageti, sikuona. Mlinyooka kweli?"

"Kwa ajili ya mama, Mzee Clem. Kiti kisingepita."

"Lo, Rosamund." Akajipangusa uso kwa kofia. "Marehemu babu alikuwa anasema hivi. Kulikuwa na mwanamke, zamani hizo, mgonjwa, hana kwao. Pimcote wakamsukuma Sallow, Sallow wakamrudisha Pimcote. Kila upande ukasema si wetu. Ukimpokea utamlisha, na akifa utamzika, na mwaka huo njaa ilikuwa kali. Ndipo wakasema ni mchawi, amekausha maziwa ya ng'ombe. Ukishamwita mtu mchawi, hata ukimnyima maji unalala usingizi. Akafia mle kwenye upupu, katikati. Na parokia zote mbili zikapindisha mpaka ili maiti isiwe ya mtu."

"Hiyo ni hadithi tu."

"Lisemwalo lipo. Kama halipo, laja."

Sikutaka kumwamini, na nilikuwa na mtu wa kumshuku. Fairbrass ana kabati zima la mavazi ya kale. Wakati wa tamasha huwavisha watu na kuwaambia waigize mababu. Kesho yake asubuhi nikamfuata nyumbani kwake.

"Ulimvisha nani matambara ukamweka kwenye jiwe la tisa?" nikamuuliza mlangoni, bila hata salamu.

Akanitazama kama anayetazama jino bovu. "Karani, nilikuwa nimelala na barafu kichwani. Mlinigonga mkisema ni mila." Kisha akabana macho. "Ama wewe ndiye uliyeingia kanisani jana usiku? Benchi langu lina tope. Na mtu amekula mkate wote uliobaki ukumbini, hata wenye ukungu."

Tukaachana kila mmoja akimshuku mwenziwe. Kijiji kizima kilikuwa hivyo wiki ile. Bibi wa duka alimshuku jirani, jirani akamshuku mpangaji wake. Mlango haukukutwa wazi hata mmoja, lakini asubuhi mkate haupo, na sakafuni kuna alama za miguu peku.

Nilijikaza, mpaka Jumatano nilipomwosha mama miguu.

Ilikuwa na mabaka. Mekundu, yamevimba, kuanzia vidole hadi magotini, kana kwamba mtu alimburuta kwenye upupu. Mama alikuwa hajatoka nje ya nyumba tangu Jumatatu tulipochapa mpaka.

"Mama, hii nini?"

"Wala sisikii kitu, mwanangu." Alikuwa ananong'ona, jambo ambalo si kawaida yake. "Huwa anakuja kukaa hapo mwisho wa kitanda. Ananiambia nisogee."

"Nani?"

"Anasema nimekalia nafasi yake."

Nilijua mara moja ni nafasi gani. Uwanja wa kanisa letu umejaa. Limebaki kaburi moja tu, kando ya baba, na ni la mama. Baada ya hilo, maiti zote za Pimcote zitapelekwa mjini kuchomwa moto. Kwenye daftari la maziko jina la mama liliandikwa kwa penseli siku tuliyomzika baba, na mbele yangu baba alimwahidi kitandani, "Enid, nitalala upande wa kushoto, wewe utalala upande wa kulia." Mama hakuwa na tamaa nyingine duniani. Kila Jumapili alikuwa akiniambia nimsukume mpaka pale aangalie nyasi zake.

Nikaenda kuziangalia mwenyewe. Palikuwa na fimbo nyeupe imechomekwa katikati ya nafasi ya mama, na majani yamelala, kama mahali alipolala mtu.

Nilirudi nikamweleza mama yote, hadi maneno ya kitabu niliyoyaficha. Nilitaraji atanigombeza. Alinishika mkono.

"Mwandike, Rozi."

"Wapi? Imebaki moja!"

"Si ndiyo hiyo hiyo. Miaka mingapi amelala kwenye upupu? Mimi nichomeni tu. Baba yako atanijua hata nikiwa jivu." Akacheka kidogo. "Mpe jina lolote. Hata Mariamu. Kalamu unayo wewe."

"Siwezi."

"Unaweza. Hutaki tu."

Alisema kweli. Sikutaka. Nilikuwa na hasira, na niseme wazi, nilimchukia yule mwanamke. Nilimwona kama mtu aliyekuja kumnyang'anya mama kitu cha mwisho. Nikamwambia mama, "Sawa, nitamwandika." Nikambusu paji la uso. Nikachukua funguo.

Kasisi wetu ana parokia saba, kwa hiyo funguo za kanisa ninakaa nazo mimi. Alasiri ile nikaingia chumba cha nyuma, nikafungua daftari la maziko, nikafika kwenye nafasi ya mwisho. Penseli ilikuwa imefifia. Nikatoa kalamu ya wino. Na juu ya ile penseli nikaandika kwa herufi kubwa, nikikandamiza mpaka karatasi ikataka kutoboka: ENID PASK. WA PAROKIA HII.

Nilidhani ninamfungia mlango.

Harufu ya sufu mbichi ikaja nyuma ya shingo yangu.

"Ahsante..." sauti ikanong'ona.

Niligeuka. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na tope tu mlangoni, vidole vikielekea nje.

Sikuelewa. Mungu ananijua, sikuelewa kwamba aliyeomba jina amekwisha kulipata. Nilikimbia moja kwa moja kwa Clem, na sikupita nyumbani. Nikamwambia lazima turudishe mpaka jioni ile ile, jua lisizame kabla. Hakubisha. Alichukua fimbo mbili na viatu vya mpira, tukaenda.

Kasisi ni wa sala tu; kuchapa mpaka kunataka mashahidi wawili na kitabu. Tulikuwa nayo yote. Kwenye jiwe la tisa nikasoma kwa sauti, "Hapa geukeni," tukageuka, tukaingia bondeni. Upupu ulinifika kifuani. Tope lilitaka kunivua viatu. Clem alitangulia akikata njia, nami nikafuata nikipiga fimbo kila upande, nikisema, nje, nje, nje, kama wanavyosema kwenye kitabu.

Tulipofika katikati, mtu akaanza kulia.

Ilikuwa upande wa pili wa mstari, upande tunaouacha nje. Kilio kidogo, cha mtu aliyejizuia.

"Usigeuke," Clem akasema.

"Sigeuki."

"Rozi..."

Nikasimama. Hakuna anayeniita hivyo ila mtu mmoja.

"Rozi, mwanangu... miguu inaniwasha..."

"Anajua kuigiza huyo," Clem akanong'ona, lakini fimbo yake ilikuwa imesimama hewani. "Wanajua kuigiza. Tembea!"

Nikawaza haraka. Mama miguu yake haisikii kitu. Miguu haiwezi kumwasha mama. Basi si mama. Ndivyo nilivyowaza, na niliona nimepatia. Nilitembea. Kilio kikanifuata sambamba, hatua kwa hatua, mpaka kwenye jiwe la kumi, na pale nikanyanyua fimbo nikalichapa kwa nguvu zangu zote.

Ko... ko... ko.

Kimya.

Nilifika nyumbani giza linaanza kuingia. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Kiti cha magurudumu kilikuwa kwenye ukumbi mdogo, kitupu.

Mama alikuwa jikoni, amesimama.

Amesimama kwa miguu yake mwenyewe, mbele ya meza, anakula mkate. Alikuwa anaumega kwa mikono miwili, hapaki siagi, hatafuni vizuri, anameza. Nikatazama miguu yake. Ngozi ilikuwa safi, haina hata baka moja.

"Mama?"

Aligeuka taratibu. Uso wa mama, macho ya mama.

"Una njaa?" akaniuliza. "Kaa ule. Upo mwingi."

Daktari wa wilaya alimpima akasema mambo haya hutokea, ubongo hujitengeneza wenyewe. Majirani walileta maua. Fairbrass alikuja kumpiga picha ya jarida la kamati, akamwambia, "Bibi Enid, urithi wetu umekuponya!" Mama akacheka, lakini si kwa sauti ile aliyocheka nayo kwenye jiwe la kwanza. Clem peke yake hakuja. Nilikutana naye kanisani Jumapili; mama alipopita, akiwa amenyooka, Clem aliinamisha macho chini hadi alipokaa.

Ni mama mwema. Anafua, anapika, ananipangusia viatu. Hajanikosea hata mara moja. Lakini hajataka kwenda kuangalia nyasi zake. Hajamtaja baba. Siku moja nilimtajia mimi, akaniangalia kwa adabu kama unavyomwangalia mtu anayekueleza habari za ndugu zake usiowajua. Na hajaniita Rozi. Ananiita "mwanangu," basi.

Nilirudi kwa kamati kuomba tuchape tena ile kona, tunyooke kama mara ya kwanza. Fairbrass alikataa. Alisema ramani imekwishachapishwa, kona imechorwa nje, na kusema kweli ni kivutio, na zamu nyingine ni baada ya miaka saba. Clem nilimwomba kwa machozi awe shahidi wangu tena. "Na kama tukimwingiza yule mwingine?" akasema. "Unajua nani yuko upande gani, Rosamund? Mimi sijui." Akafunga mlango wake. Hakuna mtu mwingine kijijini ambaye ningemwambia jambo hili asiniite mwendawazimu.

Jana jioni nilikuwa naosha vyombo. Dirisha la jikoni linatazama barabara ya udongo, na upepo ulikuwa unatoka bondeni. Nilisikia mtu akiita. Mbali... Sauti imekauka, imechoka, ya mtu ambaye amekuwa akiita siku nyingi.

"Rozi... Rozi..."

Sahani ikaniponyoka. Nilikwishashika kitasa cha mlango nilipohisi mkono begani. Ulikuwa na joto, mkono wa mtu aliyeshiba.

"Unakwenda wapi?" mama akauliza.

"Kuna mtu huko nje. Anaumia."

Alisikiliza. Alisikiliza vizuri kabisa, kichwa kimeinama, na nikaona kuwa anaijua ile sauti, na anajua kule mtu anakolia kunavyouma. Kisha akanyoosha mkono, akavuta dirisha, akalifunga, akakaza komeo.

"Muache, mwanangu," akasema. "Huyo si wa kwetu."